Mume wa Mama Mdogo

Siku hizo ukimtafuta huyu bwana kwa jina lake la kwenye kitambulisho, ungezunguka mtaa mzima mpaka viatu viishe soli na usimpate. Lakini ungeuliza, "Baba Ticha anakaa wapi?" hata mtoto anayejifunza kutembea angekunyooshea kidole: jengo lile lenye nguo zilizoanikwa kwenye ngazi, mlango wa pili, wenye kitasa kibovu. Kitasa kilikuwa kibovu miaka nenda miaka rudi, na mwenye mlango ni fundi! Fundi wa lifti, anayepandisha wakubwa wa watu mpaka juu ya maghorofa bila hata kuwatikisa tai, kwake kitasa kinamshinda. Mkewe alimsema kila siku, naye kila siku alikuwa na jibu lilelile, kwamba kitasa hakina injini.

Ticha alikuwa binti yao mkubwa. Jina hilo alijitafutia mwenyewe, akiwa bado hajui hata kufunga viatu. Aliwapanga watoto wa majirani kwenye ngazi, akashika mwiko wa mama yake, akaanza kuwafundisha kuhesabu, na anayekosea anapigwa mwiko wa goti. Mtaa ukacheka, jina likaganda. Na mtoto akishapata jina, wazazi nao wamepata: Baba Ticha, Mama Ticha. Baadaye walizaliwa wengine wawili, Bosi, ambaye kazi yake ilikuwa kuamrisha, na Kidoti, ambaye bado alikuwa wa kubebwa mgongoni. Majina ya wazazi hayakubadilika. Watu walibisha hodi wakimwita Baba Ticha, naye aliitika kifua mbele.

Sasa niseme jambo ambalo mtaa mzima ulilijua na hakuna aliyelifanya habari. Ticha hakuzaliwa na Mama Ticha. Alizaliwa na dada mkubwa wa huyo mama, aliyefariki mtoto hajaota hata jino. Mwanamume aliyehusika alikuwa ameshaingia mitini kabla ya hapo, na huko aliko akae hukohuko. Mama Ticha wakati huo alikuwa mchumba wa watu. Aliingia kwenye ndoa na begi moja na kichanga begani, akamwambia bwana harusi, "Mimi na huyu. Ukitaka mmoja, nirudishe nyumbani sasa hivi." Yule fundi kijana alimpokea mtoto kwanza, begi baadaye. Mtoto akamtapikia shati jipya. Miaka yote iliyofuata alikuwa akiisimulia habari ya lile shati kama mtu aliyevishwa nishani.

Ticha alipokuwa anaanza shule, karani mmoja wa pale alimshauri baba mtu kwa wema tu: nendeni ustawi wa jamii, mfungue shauri mahakamani, mumuasili mtoto kisheria, mambo yakae sawa. Baba Ticha alicheka mpaka akashika meza.

"Niende kwa hakimu kumwomba mtoto aliyelala kitandani kwangu? Na akininyima je, nimrudishe wapi?"

Karani naye akacheka, yakaishia hapo. Cheti cha kuzaliwa kikabaki vilevile, na jina la marehemu juu yake. Kile kicheko, jamani, kilikuja kumtokea puani.

Kazi ya ng'ambo ilianza kama utani. Kampuni moja ya huko ilikuwa na lifti chungu nzima zilizozeeka, na vijana wao hawataki kuchafuka grisi. Wakatafuta mafundi nje. Baba Ticha alifanyiwa mtihani kwa simu ya video akiwa amesimama juu ya paa la lifti, ndani ya shimo, kofia ngumu kichwani, huku anawaonyesha kamba za waya na breki na kuwaeleza kwa lugha yao ya kuungaunga kinachouma ni nini. Wakampenda. Viza ya fundi stadi, wakasema, pamoja na mke na watoto. Alirudi nyumbani siku hiyo akapanda ngazi mbilimbili kama kijana, akashindwa kufungua mlango kwa sababu ya kile kitasa, akaitangaza habari hiyo kwa kelele akiwa nje.

Aliyeishika safari hiyo kuliko wote alikuwa Ticha. Kila jioni kabla ya chakula aliwakalisha mezani, baba, mama na Bosi, mwiko mkononi kama zamani, akawafundisha lugha ya huko waendako. Alikuwa anaisoma shuleni, na kichwani alikuwa mwepesi, hakuna ubishi.

"Baba, siyo hivyo. Tia ulimi katikati ya meno."

"Nikiutia utakatika."

"Anafeli! Baba Ticha anafeli!" Bosi akapiga meza. Yeye naye alimwita baba yake kama majirani walivyomwita, na hakuna aliyemkanya, maana ilikuwa inachekesha.

Na Ticha ndiye aliyeshapanga kila kitu. Yeye na Kidoti watalala chumba kimoja, Bosi peke yake kwa sababu anapiga mateke. Koti lake la baridi liwe jekundu. Siku moja akamuuliza baba yake kama ni kweli lifti za huko zinaongea.

"Zinaongea."

"Zinasema nini?"

"Zinasema milango inafungwa, ondoa mkia wako."

Walicheka, hata mama yao aliyekuwa anamkaripia Bosi akacheka. Nyumba ilikuwa imejaa siku hizo, imejaa hasa, na Baba Ticha alikuwa akijiambia kwamba hata wasipokwenda popote, haya tu yanamtosha. Yangemtosha kweli, laiti angejisikiliza.

Maombi yalipelekwa na wakala, kijana mtanashati mwenye ofisi ya vioo na kiti kinachozunguka. Aliwauliza wana watoto wangapi, wakasema watatu, akaandika watatu. Vyeti vikafuata baadaye. Ndipo alipowaita, akazunguka na kiti chake mara moja, akasimama.

"Huyu mkubwa, mama yake ni nani?"

"Mimi," akasema Mama Ticha.

"Hapa pana jina lingine."

"Dada yangu. Marehemu."

"Ahaa. Kumbe ni mpwa wako."

Mama Ticha alimtazama kama anayemtazama mtu aliyevaa shati kinyumenyume. "Mpwa? Mtoto wa dada yangu ni mpwa wa kaka yangu. Kwangu mimi ni mtoto. Kwani wewe mama yako mdogo anakuita mpwa?"

Wakala akakohoa. Kwao alikuwa na mama wadogo kadhaa, ilionekana usoni. Lakini kazi ni kazi. Akawaeleza kwamba huko neno hilo halina mlango. Mtoto ni uliyemzaa, au uliyepewa na mahakama. Hapakuwa na wa tatu.

"Basi twende mahakamani," akasema Baba Ticha, na hakucheka tena.

Walikwenda. Mahakama ikawapeleka ustawi wa jamii, na pale wakamkuta mama mmoja mpole, mwenye miwani ya kamba, aliyewaeleza taratibu zote bila haraka. Lazima kwanza wakaguliwe nyumbani, wafuatiliwe kwa muda, iandikwe ripoti, halafu ndiyo shauri lipangiwe siku.

"Tufuatiliwe nini?" akauliza Mama Ticha.

"Tujiridhishe kwamba mnaweza kumlea."

"Tumemlea mpaka anatuzidi akili!"

"Najua, mama. Lakini hatukuwa tunaangalia."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililokera zaidi, kwa sababu hapakuwa na wa kumgombeza. Ingechukua mwaka, akasema, na pengine mwaka ukazaa mwingine. Kampuni ya ng'ambo haikuwa tayari kusubiri hata msimu mmoja. Na wakala akawashindilia msumari wa mwisho: huko sheria inabadilishwa, kuanzia mwakani mafundi wanaopokelewa watakwenda peke yao. Anayetaka kuingia na familia aingie sasa, au aisahau.

Wakarudi nyumbani. Mama Ticha akaanza kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

"Nenda wewe," akasema, mikono kwenye povu. "Sisi tutabaki na mwenzetu mpaka mahakama imalize."

"Ikimaliza mlango umeshafungwa. Hujamsikia?"

"Nimemsikia."

"Nikae kule miaka na miaka peke yangu, Kidoti aje anione kwenye simu tu? Bosi asahau sura yangu?"

"Kwa hiyo?"

Baba Ticha akasimama. Akazunguka chumba, akagusa kitasa, akakiacha. Mwisho akasema neno lililokuwa limemkaa kooni tangu ofisini. "Atabaki kwa bibi yake. Shauri liendelee. Likiisha, atafuata."

"Atafuata," akarudia mkewe. "Kwa mlango uleule uliofungwa?"

"Si kwa mtu baki, ni kwa mama yako mzazi! Na ni kwa muda tu. Tukiacha nafasi hii tutakuja kulaumiwa na wote watatu."

Mama Ticha alikamua shati mpaka likalia. "Usinitafutie sababu. Umeshaamua, nami sina nguvu ya kukushinda, na pengine sitaki kukushinda, Mungu anisamehe. Ila kumwambia utamwambia wewe. Mimi sina huo mdomo."

Na huo ndio ukweli, wala sitaupaka sukari. Hakuna aliyewashikia panga. Waliketi watu wazima wawili mchana kweupe, wakawapigia watoto hesabu, na hesabu ikamtoa mmoja.

Baba Ticha alikwenda na binti yake kazini Jumamosi, kwenye lile jengo la maofisi alilokuwa analitunza. Tangu mdogo alipenda kwenda. Alijua chumba cha mashine juu ya paa, alijua harufu ya grisi, alijua kwamba uzito ukizidi kengele inalia na lifti inagoma kufunga mlango. Siku moja zamani walijaa watu wanene wenye mafaili, kengele ikalia, kila mtu akawa anaangalia dari kama si yeye. Baba yake ndiye aliyemfundisha sheria: anayeingia mwisho ndiye anayeshuka.

Wakaingia lifti wakiwa wawili tu. Akamwambia humohumo, anaangalia vitufe. Akamwambia habari za cheti, za mahakama, za bibi, akalitumia lile neno lake, utafuata, akalirudia tena na tena mpaka likapoteza ladha.

Ticha hakulia. Laiti angelia! Alikuwa anafikiri, amekunja kipaji kama akiwa na hesabu ngumu.

"Kwa hiyo kengele imelia," akasema.

"Siyo hivyo, mwanangu."

"Bosi na Kidoti wameingia juzi tu." Akamtazama baba yake, anauliza kweli, anataka kuelewa. "Mimi niliingia wa kwanza, Baba. Kwa nini nishuke mimi?"

Mtu mzima yule akageukia vitufe. Akabonyeza kitufe cha chini, ingawa walikuwa bado hawajafika juu.

Ungedhani yameishia hapo. Hapana. Ubalozi ukashtuka: mmeandika watoto watatu, mkamfuta mmoja, aliyefutwa ni nani? Mnaficha nini? Wakataka kuzungumza na familia kwa video, na yule mtoto awepo. Wakala akaja nyumbani kwao mwenyewe, amelowa jasho, wala hakutaka kukaa.

"Nisikilizeni vizuri. Wakimsikia anawaita baba na mama, mmekwisha. Wataona mmemkana mtoto wenu, au mnadanganya. Mama ataitwa mama mdogo, hilo mkalimani analo neno lake."

"Na mimi baba mdogo," akasema Baba Ticha.

"Hapana! Hapo ndipo penye hatari. Mkalimani akiteleza akasema baba wa kambo, kwao baba wa kambo ni baba. Neno baba lisitajwe kabisa. Wewe ni mume wa mama mdogo. Basi."

Wakati huohuo jirani akachungulia mlangoni. "Baba Ticha, hujambo? Naomba ngazi yako."

Wakala akafumba macho. "Na huyo Ticha ndiye nani?"

Jirani akapewa ngazi, akaenda zake bila kujua amekanyaga nini.

Mama mtu alikataa katakata kumfundisha. Kwa hiyo jioni ile, kwenye meza ileile, Ticha ndiye aliyekuwa mwanafunzi, na mwalimu alikuwa baba yake. Mwiko ulikuwa pale, hakuna aliyeugusa.

"Wakikuuliza, huyu mama ni nani wako?"

"Ni mama."

"Mama nani?"

"Mama mdogo."

"Vizuri. Na mimi?"

Ticha akautazama mwiko.

"Sema, mwanangu. Ni mchezo tu. Ni siku moja."

"Ni mume wa mama mdogo."

"Tena. Usishushe macho, watadhani unafundishwa."

Akarudia, macho juu. Akarudia mpaka ikatoka bila kukwaruza. Baba Ticha akasema vizuri. Alitoka akaenda kusimama kwenye ngazi, kati ya nguo za watu zilizoanikwa, akalia huku anajifuta uso kwa shuka isiyo yake.

Siku ya mahojiano mambo yalikwenda kama maji. Ofisa mwanamke, mkalimani pembeni, sura zao zimejaa kwenye kioo cha kompyuta ya wakala. Ticha alivaa sare ya shule, akakaa wima. Huyu ni nani wako? Mama mdogo. Na huyu bwana? Mume wa mama mdogo. Unajisikiaje wao wakisafiri? Hapo mtoto hakumsubiri mkalimani. Alimjibu ofisa moja kwa moja kwa lugha yake, ulimi katikati ya meno, kwamba yeye atakaa na bibi, na bibi ni mzuri. Ofisa akatabasamu, akamsifu kwa kuongea vizuri. Alisema mtoto mwenye akili kama huyu atafika mbali.

Viza zikatoka, nne.

Tangu siku ile ya kompyuta Ticha hakumwita tena baba yake jina lolote. Hakununa, hakuleta jeuri. Alisema tu "chakula tayari", akauambia ukuta. Masomo ya jioni aliyafunga; Bosi alipodai, alimwambia atafundishwa hukohuko. Baba Ticha akajaribu utani wote aliokuwa nao. Akaleta koti jekundu, akasema livae, tuone litakavyokukaa ukifuata. Ticha akalipima, akashukuru, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye begi la Kidoti. Kidoti atakua alivae, alisema. Siku moja kabla ya safari baba mtu akatoa bisibisi akakitengeneza kitasa. Kilimchukua muda mfupi tu. Mkewe akaufungua mlango, akaufunga, akaufungua, hakusema asante.

Uwanja wa ndege walikwenda wote, bibi naye. Ticha alisukuma toroli la mizigo. Mlangoni kulikuwa na walinzi wawili na kamba, na kibao kinachosema wasiosafiri waishie nje. Mama Ticha alimkumbatia binti yake pale mpaka bibi akaja kuwaachanisha, maana Kidoti alikuwa amebanwa katikati na ameanza kulia. Mama mtu akaingia ndani anayumba, Bosi anamvuta mkono, anauliza mbona Ticha haji, mbona Ticha haji.

Baba Ticha akabaki na toroli na binti yake. Moyo ulimwambia bado kidogo. Akimpata ndani, hata kwa muda wa kupanga foleni, atapata la kusema, la kurekebisha. Akamsogelea mlinzi.

"Afande, nisaidie. Huyu ni mwanangu, anabaki. Mwache aingie tu mpaka pale kwenye mizani, atuage."

Mlinzi alikuwa mtu wa watu. Akaangalia huku na huku. "Mwanao wa kumzaa? Siku hizi tunabanwa, mzee."

"Mwanangu kabisa. Muulize mtaa mzima, mimi naitwa Baba Ticha, na Ticha ndiye huyu!"

Mlinzi akacheka, akainama kidogo, mkono umeshashika kamba tayari kuifungua. "Haya, Ticha. Huyu ni baba yako?"

Ticha akainua macho. Hakuyashusha.

"Hapana," akasema, sauti safi, bila kukwaruza. "Ni mume wa mama mdogo."

Mlinzi akaiachia kamba bila kuifungua. Akamgeukia yule bwana, na sura yake ilikuwa imebadilika. "Mzee, mbona mtoto anakukana?"

"Hanikani," akasema. "Nilimfundisha mwenyewe."

Ticha alimsukumia toroli, akahakikisha limenyooka, halafu akarudi kwa bibi yake akamshika mkono.